Kuutembea Mji wa Kale wa Mombasa kwa Miguu: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila Disemba, shule zinapofungwa na wageni wa bara wanaposhuka pwani, maswali huwa ni yale yale. Je, Mji wa Kale una lango na tiketi? Nianzie wapi? Ni lazima nimlipe mtu anizungushe? Ninaruhusiwa kupiga picha? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: nikipotea vichochoroni itakuwaje? Nimeyajibu mara nyingi barazani na kwa simu, na sasa nimeona heri niyaandike pamoja, ili anayefika Mombasa kwa mara ya kwanza, na hata mwenyeji wa Changamwe au Bamburi ambaye hajawahi kuingia humo ila kwa harusi au maziko, aweze kuutembea mji huo kwa siku moja na kukielewa anachokiona.

Lango halipo, na tiketi ni ya Fort Jesus, yaani Ngome ya kale ya Wareno, peke yake. Mji wa Kale ni makazi ya watu: humo watu huzaliwa, huanika nguo, hugombana na kuswali. Wewe utakuwa unapita mbele ya nyumba zao, na sehemu kubwa ya ushauri uliomo humu inatokana na jambo hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Viatu vyepesi vyenye soli imara na rahisi kuvua. Vichochoro vina mawe yaliyolainika kwa kukanyagwa, na huenda ukakaribishwa mahali pa kuvua viatu.
- Mavazi ya heshima, yaani suruali au sketi inayovuka magoti na mabega yaliyofunikwa. Mwanamke achukue leso au mtandio wa akiba. Mwanamume asije na kaptura ya ufukweni.
- Maji ya kunywa na kofia.
- Noti ndogondogo za shilingi 50 na 100, pamoja na salio la kutosha kwenye simu, kwa sababu kiingilio cha Ngome hulipwa kwa simu.
- Simu yenye chaji na ramani iliyopakuliwa mapema.
- Daftari na kalamu. Wengi hucheka nikilitaja hili, lakini mtu anayechora mlango mmoja kwa dakika tano huuona kuliko anayepiga picha milango arubaini.
- Muda wa kutosha: masaa manne hivi ya asubuhi na masaa mawili ya alasiri, ukiwa na mapumziko katikati.

Chagua pia majira. Kuanzia Januari hadi Machi joto ni kali. Aprili na Mei mvua ya masika hugeuza baadhi ya vichochoro kuwa mifereji. Miezi ya Julai na Agosti, upepo wa kusi unapovuma, ndiyo ninayoipenda. Siku ya Ijumaa jiepushe na maeneo ya misikiti kuanzia saa sita mchana hadi swala iishe. Mwezi wa Ramadhani unaweza kuja, na usiku wake una raha ya kipekee, lakini usile wala kunywa njiani mchana.

Machache ya kujua kuhusu majengo

Nyumba za mawe za hapa zimejengwa kwa vitu vitatu: matumbawe, chokaa na boriti. Matumbawe ni mawe yaliyotokana na bahari, mepesi na yenye vitundu. Chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo kwenye tanuu. Boriti ni miti ya mikoko inayolazwa juu ya kuta ili kubeba dari, na kwa kuwa boriti moja haiwezi kubeba uzito ikizidi urefu wa mita tatu hivi, vyumba vya nyumba za kale huwa vyembamba na virefu. Ukishalijua hilo, utaelewa kwa nini nyumba ya tajiri wa zamani inaweza kuwa na vyumba vingi visivyo na upana: aliyeamua upana ni mti wa mkoko, wala si fedha za mwenye nyumba.

Kosa la kwanza la wageni wengi ni kudhani kwamba kila ukuta uliochakaa ni wa enzi za Wareno. Mji wenyewe ni mkongwe. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika hapa mwaka 1331, na Vasco da Gama akapita mwaka 1498. Lakini Wareno waliuteketeza mwaka 1505 na tena mwaka 1528, na nyumba nyingi unazoziona leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Uchakavu mwingi ni kazi ya chumvi na unyevu, na mara nyingine ni kazi ya saruji. Chokaa huacha ukuta upumue. Ukuta wa matumbawe ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hujikusanya, na baada ya miaka michache lipu hubambuka pamoja na uso wa jiwe. Ukiona ukuta wa kijivu uliomenyeka kama ganda, hapo aghalabu alipita fundi mwenye haraka.

Hatua kwa hatua

1. Fika Ngomeni kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Kutoka Mwembe Tayari au Posta, panda tuktuk na umwambie dereva "Fort Jesus" au "Ngomeni". Mpatane nauli kabla hujakaa. Ukiwa na miguu mizuri, tembea tu. Usikimbilie kuingia Ngome. Hilo ndilo kosa la pili: mgeni huingia Ngome saa nne, hutoka saa sita akiwa hoi kwa jua, kisha huutazama Mji wa Kale kwa robo saa na kuondoka akisema hakuna kitu. Mimi husema mji kwanza, Ngome alasiri.

2. Itazame Ngome kwa nje, halafu igeukie Mahakama ya Kale. Simama umbali wa kuuona ukuta kutoka chini hadi juu na uangalie jinsi ulivyokalia mwamba wa matumbawe, kiasi kwamba ni vigumu kusema mwamba unakoma wapi na ukuta unaanzia wapi. Karibu yake kuna jengo la Mahakama ya Kale, lililojengwa mwaka 1902 wakati wa utawala wa Waingereza. Linganisha madirisha yake na matundu ya Ngome. Jengo moja lilijengwa kuogopa mizinga, jingine lilijengwa kuonyesha kwamba mwenye mizinga ameshafika. Dakika kumi zinatosha.

3. Ingia kwa barabara ya Mbarak Ali Hinawy, na uanze kwa salamu. Barabara hii hufuata upande wa bahari kuelekea Bandari ya Kale. Utakaowakuta asubuhi hiyo ni wazee barazani, watoto wa madrasa na wasukuma mikokoteni ya maji. Wazee waamkie kwa "Shikamoo" na usubiri "Marahaba". Ukijua wenyeji ni Waislamu, "Assalamu aleikum" inatosha na kuzidi. Baraza, yaani kile kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba, ni sehemu ya nyumba ya mtu. Usikikalie bila kukaribishwa. Ukikaribishwa, kaa, kwa sababu mazungumzo ya dakika kumi barazani yatakufungulia milango ambayo hakuna pesa ingeifungua.

4. Jifunze kuusoma mlango. Hapa ndipo nakusihi usiwe na haraka. Chagua mlango mmoja wenye nakshi, simama upande wa pili wa njia usimzuie mtu, na uusome kwa mpangilio huu.

Anza na umbo. Mlango wa kale una mabawa mawili yanayofungukia ndani, na katikati yao kuna mfaa, ule mti uliosimama unaoziba mwanya baina ya bawa na bawa. Mara nyingi mfaa ndio uliochongwa kwa ustadi kuliko sehemu nyingine.

Kisha inua macho kwenye kizingiti cha juu. Kikiwa kimenyooka, chenye umbo la mstatili, na kimejaa maua na maandishi, unatazama mtindo wa Waswahili na Waarabu wa Omani. Kikiwa na tao la nusu duara juu yake, na mabawa yamegawanywa vibao vidogovidogo vya mraba, hapo una athari ya mafundi na wafanyabiashara kutoka Gujarat. Ukikuta nakshi za mistari na maumbo ya kijiometri zilizokwaruzwa bila kina, huo ni mtindo unaohusishwa na Wabajuni wa kaskazini.

Tatu, tafuta mwaka. Baadhi ya vizingiti vimechongwa aya ya Kurani, jina la mwenye nyumba, au mwaka wa Hijria, yaani wa kalenda ya Kiislamu, kwa tarakimu za Kiarabu. Ili kuukadiria mwaka huo kwa kalenda ya Miladia, uzidishe kwa 0.97, kisha ujumlishe 622. Mwaka 1310 wa Hijria, kwa mfano, utakupeleka kwenye 1892 au 1893. Hesabu hii ndogo imewanyamazisha waongozaji kadhaa waliokuwa wakiniapia kwamba mlango una miaka mia nne.

Mwisho, tazama misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa. Utaambiwa ilitiwa ili kuzuia ndovu wa vita wasivunje mlango. Hadithi hiyo ni ya Bara Hindi; hapa kwetu hakuna aliyepanda ndovu kwenda kuvunja mlango wa jirani, na misumari hiyo ni pambo na alama ya uwezo. Kuhusu maana ya samaki, mnyororo na maua ya yungiyungi yaliyochongwa kwenye miimo, maelezo hubadilika kutoka kwa mwongozaji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo andika kwanza ulichokiona, halafu ulichoambiwa.

*Tahadhari ya picha.* Miaka ya nyuma nilikuwa nikipiga picha mlango mmoja mzuri sana, na sikumwona bibi aliyekuwa ameketi kizani nyuma ya bawa lililofunguliwa nusu. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, mlango una mwenyewe." Nikaomba radhi, nikapiga hodi kama nilivyopaswa kufanya tangu awali, na nikaruhusiwa. Mlango uliofungwa unaweza kuupiga picha kwa adabu ya kawaida. Mlango ulio wazi ni lazima uombe ruhusa. Wanawake na watoto usiwapige picha kabisa bila idhini yao au ya wakubwa wao.

5. Inua macho utazame roshani. Watu wengi hutembea wakiangalia chini, na kwa sababu ya mikokoteni na pikipiki siwalaumu. Lakini nusu ya uzuri wa mji huu iko ghorofa ya kwanza. Roshani za mbao zinazoning'inia juu ya njia, zikishikiliwa na mikono ya mbao iliyopindwa na kuzungushiwa vibao vilivyotobolewa kama kitambaa cha darizi, zilienea hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, biashara ilipokua na Wahindi wengi walipohamia. Kazi yake si pambo peke yake. Hutia kivuli njiani, hupitisha upepo ndani, na humwezesha aliye ndani kuona nje bila yeye kuonekana. Simama chini ya roshani saa tatu asubuhi, kisha utoke juani, nawe utaipata tofauti hiyo mwilini.

6. Simama Msikiti wa Mandhry. Uko kwenye barabara hiyo hiyo, na utautambua kwa mnara wake mweupe ulio mnene chini na kuchongoka juu, usiofanana na minara myembamba ya misikiti ya siku hizi. Inaaminika kwamba ulijengwa mwaka 1570, na bado unaswaliwa. Kisima kilicho karibu na msikiti kitazame pia. Ibn Battuta aliandika kwamba misikiti aliyoikuta Mombasa ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi, na kwamba kila mlango wa msikiti ulikuwa na kisima kimoja au viwili vya kina kifupi, watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Mbao zilishatoweka, ila mazoea ya kuweka maji mlangoni mwa msikiti hayajaondoka. Asiye Mwislamu atazame kwa nje, isipokuwa akaribishwe na wahusika.

7. Endelea hadi Government Square na Bandari ya Kale. Uwanja huu ndio uliokuwa moyo wa biashara, pale majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalipokuja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi. Waingereza walipoanza kujenga reli mwaka 1896 na meli kubwa zikahamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, bandari hii ilibakia na majahazi. Kwa maoni yangu, hasara hiyo ndiyo iliyouokoa mji: hakuna aliyeona faida ya kubomoa nyumba ili kupisha maghala na malori. Bandari ni eneo la forodha, kwa hiyo usiinue simu kupiga picha kabla ya kumuuliza askari aliye langoni.

Hapo karibu ulizia Leven House na ngazi zake zinazoteremka hadi majini. Jina hilo ni la meli ya Kapteni Owen wa Uingereza, ambaye mwaka 1824 aliwakubalia Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiitawala Mombasa, ulinzi wa Waingereza dhidi ya Sultani wa Omani, ulinzi uliofutwa miaka miwili baadaye. Ngazi huwa na utelezi, shuka polepole.

8. Rudi kwa Ndia Kuu, kisha ukate kuingia Kibokoni. Ndia ni njia kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na usimsahihishe mtu anayeitamka hivyo, kwa kuwa yeye yuko kwao. Hapa maduka ya vinyago na vitu vya kale yamejaa kwenye vyumba vya chini vya nyumba za biashara za zamani: duka chini, makazi juu. Ukishaingia Kibokoni, nyumba hupungua ukubwa, na maisha ya mtaa huonekana waziwazi zaidi. Ndio wakati wa kula mahamri kwa mbaazi, au viazi karai na ukwaju, na kumaliza kwa kahawa tungu.

9. Ukiwa bado na nguvu, tokea Biashara Street na Marikiti. Si usanifu wa kale kwa maana kamili, lakini leso na viungo vinavyouzwa huko ndivyo vinavyozivisha na kuzinukiza nyumba ulizozipita. Halafu pumzika.

10. Ingia Fort Jesus saa tisa na nusu alasiri. Jua limelegea, nawe umeshazoea kusoma ukuta na mlango. Ngome hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Viwango vya kiingilio hutofautiana kati ya raia, wakazi na wageni, kwa hiyo beba kitambulisho. Ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Ndani, fuata mpangilio wa wakati. Kwanza tafuta michoro ya meli iliyochorwa ukutani na Wareno. Kisha kumbuka kwamba humu ndimo watu walimozingirwa na Waomani kwa miezi 33, kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698; katika jumba la makumbusho kuna vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwasaidia waliozingirwa. Baadaye panda kwenye Nyumba ya Waomani, uipime kwa macho, na ulinganishe na nyumba za asubuhi. Kuanzia 1895 hadi 1958 Ngome ilikuwa gereza, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na UNESCO ikaiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2011. Malizia juu ya kuta, upande wa bahari, upepo ukivuma.

Mambo yakienda kombo

*Umepotea.* Mji ni mdogo. Ukifuata mteremko utafika baharini. Ukiipa bahari kisogo na kupanda, utatokea barabara kubwa ya Digo Road au upande wa Makadara. Ukitaka kuuliza, muulize mwenye duka, wala si kijana anayekufuata bila kuulizwa.

*Mtu amekung'ang'ania akuongoze.* Mwongozaji mzuri ana thamani kubwa, hasa kwa kukufungulia nyumba za watu anaofahamiana nao. Muulize kitambulisho, na mpatane bei na muda kabla ya hatua ya kwanza. Kama humtaki, "La, ahsante, ndugu yangu" inayosemwa kwa utulivu na bila kusimama hutosha. Ukimfuata huku ukisema hutaki, mwisho wa safari atadai ujira, na sidhani kama utakuwa na la kumjibu.

*Picha zako zote ni nyeusi.* Vichochoro ni vyembamba na jua huwa halijaingia. Irudie milango uliyoipenda kati ya saa nne na saa tano, na ugusie skrini mahali penye nakshi, si penye anga.

*Una hofu ya kuporwa.* Mchana njia kuu zina watu, na wenyeji hawapendi mgeni wao aibiwe. Hata hivyo usitembee na simu mkononi kwenye kichochoro kitupu, na baada ya magharibi baki penye taa na watu au upande tuktuk.

*Mvua imekukuta katikati.* Jibanze chini ya roshani, si chini ya ukuta mbovu ulionyonya maji. Kipande cha lipu kikianguka hakikuulizi kama wewe ni mgeni.

*Umefika Ngome ukakuta malipo ya simu yamegoma au muda umekwisha.* Usibishane na mlinzi. Chukua tuktuk hadi Mama Ngina, kando ya bahari, ununue mihogo na dafu, na uketi kuzitazama meli zikiingia Kilindini. Ngome irudie kesho yake alasiri.